Mwenye Kibanda Hayupo

Muntasir alikuwa na kazi mbili, na watu walimjua kwa moja tu. Asubuhi alivaa tai akaenda kwenye kampuni ya bima kule Shmeisani, mtaa wa maofisi mjini Amman, alikokuwa mkuu wa kitengo cha madai ya magari. Kazi ya pili ilikuwa kibanda cha kahawa kando ya barabara ya uwanja wa ndege, kibanda cha vioo chenye bango jekundu la Tahmisa, na hiyo aliifanya kwa simu.

Tahmisa ni kampuni kubwa ya kahawa. Ukiilipa, inakupa jina lake, bango lake, kahawa yake yenye hiliki, na sheria zake, ambazo ni nyingi kuliko kahawa yenyewe. Mwenye kibanda hahitaji kujua hata kuchemsha maji. Siku ya kutia sahihi watu wa Tahmisa walimwambia Muntasir hivyo hivyo: wewe baki na kazi yako, kibanda kitajiendesha. Aliyapenda sana maneno hayo. Nusu ya wenye tai mjini Amman wana kitu cha pembeni, huyu duka la shawarma, yule mahali pa kuoshea magari, na wote hukitaja kwa sauti ya chini kwa sababu mikataba yao ya kazi inakataza. Kibanda cha Muntasir kiliandikishwa kwa jina la mkewe, Rudaina, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hata kahawa hanywi.

Kilichokiendesha hasa kilikuwa kamera. Ilifungwa juu ya mashine ya kahawa, nayo ilikuwa na kipaza sauti kidogo, hivi kwamba Muntasir akibonyeza simu yake ofisini, sauti yake ilitokea kibandani. Alikitazama kibanda katikati ya vikao, mezani wakati wa chakula, na Mungu amsitiri, hata msalani. Aliamini kwamba kutazama ndiko kusimamia, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Mfanyakazi wa mchana aliitwa Qutaiba. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye shahada ya upimaji ardhi iliyokuwa ikikaa kabatini kwa mama yake, na hakuna aliyejua kusimama barabarani na sinia kama yeye. Alilizungusha juu ya kidole, akawainamia wenye magari kama mtu anayepokea mabalozi, na magari yakasimama.

"Qutaiba, kikombe hicho hukukifunika!" Muntasir angesema kutoka ofisini.

"Salaam alaykum kwanza, ami!" Qutaiba, aliyemwita ami kwa heshima tu, angejibu akiinua macho kwenye kamera. "Umekuwa jini la ukutani, hujui hata kubisha hodi. Njoo siku moja unywe kahawa yako mwenyewe. Nitakuuzia nusu bei."

"Alhamisi, inshallah."

"Alhamisi ya mwaka gani, ami? Nimwambie mama yangu aanze kupika?"

Muntasir alicheka, na Alhamisi ikapita. Alikuwa akifika mara moja moja, gari likinguruma, akakagua bango kama ni safi, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wako wanaotaka kumfanya mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu kama angekuwa.

Baridi ya mwaka ule ilikuja na upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa. Qutaiba alilalamika kwamba vidole vimekufa ganzi na wateja watauziwa barafu. Basi jioni moja Muntasir alibeba hita ya gesi, hita kuukuu iliyowapasha joto wanawe walipokuwa wadogo, akaipeleka kibandani mwenyewe. Ndicho kitu pekee alichowahi kupeleka pale kwa mikono yake.

"Acha dirisha wazi kidogo," alimwambia.

"Nikiacha wazi, si ndiyo baridi yenyewe hiyo inaingia?" Qutaiba alisema, na wote wawili wakacheka, kwa sababu kila nyumba Amman inajua kwamba hita ya gesi inataka dirisha wazi, na kila nyumba hulifunga. Kila baridi watu hufa kwa hewa ya hita, na kila baridi tunadhani ni watu wengine.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, Muntasir alikuwa na kikao kikubwa na wakurugenzi, na zamu yake ya kusema ilikuwa karibu. Alitoka kidogo kwenye ngazi akafungua simu. Aliona magari yakipita na hakuna sinia barabarani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Qutaiba alikuwa ameketi kwenye stuli, kichwa amekilaza juu ya kaunta. Damu ilimchemka Muntasir. Akabonyeza.

"Qutaiba! Umelala? Amka bwana, magari yanapita!"

Qutaiba hakuinua kichwa. Aliunyanyua mkono wake wa kulia taratibu, kiganja kikiwa wazi, ukakaa hewani kidogo, kisha ukashuka. Muntasir alikuwa bado anautazama mkono ule mlango ulipofunguka na mkurugenzi wake, Bwana Nadim, akachungulia, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Wadii, tunakusubiri wewe tu. Unaongea na nani?"

"Nyumbani," Muntasir akasema, akaitia simu mfukoni. Akaingia, akaonyesha slaidi zake ukutani, akasema vizuri mpaka wakampongeza. Alipoitoa tena simu, ilikuwa imejaa namba za watu asiowajua waliompigia. Dereva mmoja wa teksi aliyesimama kununua kahawa ndiye aliyevunja kioo.

Polisi waliona hita, wakaona dirisha, wakaandika ajali. Kamera hawakuiulizia, kwa maana hakukuwa na kitu cha kutafuta. Picha zake hujifuta zenyewe baada ya juma moja, na Muntasir hakuzigusa. Alingoja tu mpaka zikafutika. Wala hakumwambia Rudaina, ambaye kila usiku alimsikia akiamka na kudhani ni huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa na mfanyakazi.

Mambo kama haya kwetu hayaishii polisi. Jioni ya siku ile ya ajali wazee wa ukoo wa Muntasir walikwenda kijijini kwa akina Qutaiba, kusini mwa Madaba, kuomba kwamba asiguswe mtu mpaka maziko yapite na vichwa vipoe. Wakapewa. Baridi ilipokwisha ikabaki safari ya mwisho, jaha ya kuomba msamaha wenyewe: wanaume wengi wenye heshima zao, na mbele yao mzee mmoja wa kusema. Msamaha ukitolewa, unatolewa mbele ya Mungu na mashahidi, na kesi inakufa hapo. Usipotolewa, jina la Muntasir lingefika mahakamani, na kutoka mahakamani lingefika ghorofani kwa Bwana Nadim, na baina ya koo mbili kungebaki kidonda kwa watoto wa watoto.

Mzee wa kusema alikuwa Sheikh Dhifallah, ami yake baba yake Muntasir, mtu aliyepatanisha koo nyingi hata sauti yake ikawa ya kwenye jaha hata anapoagiza mkate.

"Ukifika pale kazi yako ni moja," alimwambia ndani ya gari. "Kuinamisha kichwa. Kusema ni kwangu. Hata ukiulizwa saa, uniangalie mimi kwanza."

"Sawa, ami."

"Hita ulimpa kwa huruma. Hilo wanalijua, na ndilo litakalotuokoa. Usiongeze neno juu yake wala usipunguze."

"Sawa, ami."

Muntasir alikuwa amekwisha kata shauri kunyamaza. Alikuwa amejieleza mwenyewe mara nyingi, tena kwa ufasaha, maana kazi yake ilikuwa kupima lawama: mkono ulioinuka unaonyesha mtu aliye hai na anayejibu, nani angejua? Na hata kama angepiga simu palepale, nani anasema gari la wagonjwa lingewahi? Madai ya namna hii angeyafunga mezani kwake kabla ya chai. Tatizo ni kwamba kila alipoyafunga, mkono uliinuka tena.

Nyumba ya Haji Mifleh, baba yake Qutaiba, ilikuwa ya tofali za saruji ambazo hazijapigwa lipu upande mmoja, kwa sababu ghorofa ya juu ilikuwa ijengwe Qutaiba akioa. Wanaume wa kwao walisimama safu mlangoni, wakapokea mikono bila kutabasamu. Wageni wakaketishwa kwenye magodoro kuzunguka chumba kirefu. Chumba cha pili walikaa wanawake, mlango wake ukiwa wazi nusu.

Mpwa wa Haji Mifleh akamimina kahawa chungu, akampa Sheikh Dhifallah kikombe cha kwanza. Sheikh akakipokea, akakiweka chini kwenye zulia mbele ya magoti yake, bila kukionja. Chumba kizima kikakitazama. Kahawa ya mwenyeji hainywewi mpaka mgeni apewe alichokijia, na kumwacha mgeni aondoke na kikombe kimejaa ni jambo zito kwa pande zote mbili.

"Haji Mifleh," Sheikh akasema, "tumekuja kwenu vichwa vimeinama. Kijana wenu ni kijana wetu. Aliyeondoka ameondoka kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na aliyekuwa sababu ni mtu aliyempenda, akatoa hita nyumbani kwa wanawe akampelekea. Hatuna hoja, tuna ombi. Kahawa yenu ni ya watu wakarimu, nasi hatutainywa mpaka mtupe tunachotaka."

Haji Mifleh alikuwa sajini mstaafu, mkavu, mwenye masharubu meupe. Alipangusa goti lake pasipo na vumbi.

"Karibuni nyote," akasema hatimaye. "Mwanangu alikuwa akija hapa Ijumaa anatusimulia habari za kazi. Alikuwa akimwiga huyu bwana." Akamwelekea Muntasir. "Anakaza shingo kama aliyefunga tai, anasema, 'Qutaiba, kikombe hicho hukukifunika!' Mama yake anacheka mpaka anashika mbavu. Alituambia, ami yangu hayupo lakini yupo wakati wote. Sikumsikia hata siku moja akikulaumu."

Muntasir akainamisha kichwa, na safari hii si kwa sababu ya kuagizwa.

"Nina haki, na haki yangu naijua," Haji Mifleh akaendelea. "Robo yake naiacha kwa ajili ya Mungu. Robo kwa ajili ya Mtume wake. Robo kwa ajili ya wazee waliochosha miguu yao kuja kwangu. Na iliyobaki naiacha kwa ajili ya hita ile, kwa sababu aliyeipeleka alitaka mwanangu apate joto." Akapangusa goti tena. "Limebaki jambo moja tu linanikaba, na hilo si lenu, ni la Mungu. Alikufa peke yake kama mtu asiye na watu. Hakuna jicho lililomwona. Basi. Kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokijia."

Sheikh Dhifallah akasema Mungu awalipe, akainua kikombe akakinywa. Chumba kikashusha pumzi. Wanaume wakaanza kuombeana rehema, wengine wakafuta macho, na mpwa akazunguka na birika, akimimina kwa mmoja baada ya mwingine. Kila aliyekunywa alitikisa kikombe kuonyesha kwamba inatosha, akakirudisha. Akafika kwa Muntasir, akamimina, Muntasir akapokea.

Kahawa ilikuwa nyeusi na ilitoa moshi. Akajiambia ni mafunda machache tu ya kumeza halafu yamekwisha. Mkono haukwenda mdomoni. Mpwa alikuwa amesimama mbele yake akingoja kikombe.

"Kunywa," Sheikh akanong'ona kando yake. "Kunywa, mwanangu."

"Haji," Muntasir akasema. "Mimi nilimwona."

"Amechoka huyu," Sheikh akadakia upesi. "Siku nyingi halali."

"Nilimwona, Haji. Kibanda kina kamera. Nilikuwa ofisini, nikafungua simu, nikamwona ameinamia kaunta na dirisha limefungwa. Nilidhani amelala. Nikamwita. Halafu mkurugenzi wangu akatokea, nikaficha simu nisijulikane kwamba nina biashara, nikaenda kwenye kikao. Bado alikuwa hai."

Binamu mmoja wa Qutaiba akaruka wima. "Unasikia anachosema huyu? Unasikia? Na sisi tumemmiminia kahawa!"

"Kaa chini!"

"Baba mdogo, alimwona anakufa akaenda kikaoni!"

"Nimesema kaa chini," Haji Mifleh akarudia, na yule akakaa. Uso wa mzee ulikuwa umepoteza rangi yote. Sheikh Dhifallah alikuwa amefumba macho, kazi yake ya asubuhi nzima ikiwa imemwagika kwenye zulia la watu.

Ndipo mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Mama Qutaiba alisimama kizingitini, mwanamke mfupi, mkono mmoja ameushika ukutani. Si kawaida mwanamke kuingilia jaha. Hakuna aliyemzuia.

"Alikuwa amekaa vipi?" akauliza.

Muntasir hakuelewa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, labda kwa kipigo.

"Nakuuliza wewe uliyemwona. Wengine wote waliniletea maiti. Alikuwa amekaa vipi?"

"Kwenye stuli, mama. Mkono wa kushoto aliukunja juu ya kaunta, shavu amelilaza juu yake."

"Uso ulielekea wapi?"

"Barabarani. Dirishani."

"Alikuwa anahangaika? Alijishika shingo? Daktari aliniambia hakuhisi, lakini daktari hakuwapo."

"Hapana. Alikuwa ametulia. Wallahi, mama, alionekana kama amelala."

Akatikisa kichwa polepole, akiyapokea maneno moja moja na kuyaweka mahali. Nyuma yake mwanamke mmoja alianza kulia, naye akampungia mkono anyamaze.

"Umesema ulimwita."

"Ndiyo."

"Ulimwitaje?"

Muntasir alimtazama Haji Mifleh kama anayeomba kuokolewa na hilo moja. Haji hakumsaidia.

"Sema kama ulivyosema," mama akasema.

"Nilisema... 'Qutaiba. Umelala? Amka bwana, magari yanapita.'"

Maneno yalitoka madogo na machafu katikati ya chumba kilichojaa wanaume. Kahawa ilikuwa ikimmwagikia vidoleni, hakuihisi.

"Akaitika?"

"Hakusema kitu. Alinyanyua mkono. Hivi." Akaweka kikombe chini, akaunyanyua mkono wake wa kulia taratibu, kiganja wazi, ukakaa hewani, ukashuka.

Mama Qutaiba aliutazama mkono ule mpaka ulipotua. Kisha akasema, si kwa ukali, kama mtu anayemalizia hesabu aliyoihangaikia muda mrefu:

"Basi alikusikia. Alijua umemwona. Alidhani unakuja."

Hapo Muntasir alilia. Alilia vibaya, kwa sauti, mbele ya wazee wa koo mbili, na hakuna aliyemwekea mkono begani. Mama Qutaiba akageuka akarudi ndani. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Haji Mifleh akasimama, na wote wakasimama naye.

"Sheikh," akasema, "wewe na watu wako mmekunywa kahawa yangu. Neno nililotoa kwenu sitalirudisha. Nendeni kwa amani, na hakuna mtu wa kwetu atakayegusa mtu wa kwenu." Akageukia vijana wake. "Mmesikia?" Wakaitikia kwa shingo upande. Kisha akamwendea Muntasir, akasimama karibu naye kabisa. "Wewe hukunywa. Na wewe kwangu huna cha kuomba tena, kwa sababu mimi nilichokuwa nacho nimekwisha kitoa. Kilichobaki kiko kwa yule mama. Ninamjua. Usiku wa leo atakumbuka jambo ambalo hakukuuliza. Kesho mengine."

"Niambie nifanye nini, Haji."

"Njoo Jumapili asubuhi. Uje peke yako, bila wazee. Utakaa pale mlangoni umweleze tena, tangu mwanzo, na akitaka tena utarudi tena, mpaka siku atakaposema inatosha."

Jumapili asubuhi ni mwanzo wa juma la kazi, na saa hizo ndizo wakuu wote wa vitengo huketi na Bwana Nadim, na haijapata kutokea mtu akakosekana bila kueleza alikuwa wapi na kwa nini.

"Nitakuja," Muntasir akasema.